Mlango Umevimba Tu

Machi 11
Mvua imeanza leo, nami nimeanza kuandika. Kitabu hiki nilipewa na muuza sabuni mwanzoni mwa mwaka, kimekaa kabatini kikinisuta. Mume wangu anasema mwanamke anayefua nguo za watu kutwa hana cha kuandika. Nimemwambia fundi friji naye hana cha kusema, lakini mbona hanyamazi.

Masika ni adui wa dobi. Nguo zinaingia nyingi, jua hakuna, na kila mteja anataka shati lake kesho asubuhi.

Machi 13
Hazikauki.

Machi 16
Nimelia barabarani, mtu mzima mimi. Ukuta mzima wa kinyozi umebandikwa matangazo, na juu yake kwa herufi nyekundu limeandikwa jina la mdogo wangu: RADI. Chini yake: mchezo wa jukwaani kwa muziki wa roki, maisha na nyimbo zake, ukumbi wa nyuma ya soko, msimu mzima wa masika.

Radi si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na majirani, siku alipounganisha gitaa lake na spika kwa mara ya kwanza na mabati ya nyumba tatu yakatetemeka. Alikuwa kitindamimba wetu. Ni miaka minne sasa tangu tumzike. Mchezo ameutunga rafiki yake, mpiga ngoma wa bendi yao, yule tuliyemwita Kijiti kwa sababu hata mezani alikuwa akipiga sahani kwa vijiti vyake. Nilisikia kwamba anazunguka nao mji hadi mji. Sikujua kama utafika na kwetu.

Nilikimbia kwa Mama nikiwa nimelowa chapachapa. Macho ya Mama siku hizi yanaona mwanga na vivuli tu.

"Wameliandika vizuri?" akauliza.

"Vizuri, Mama. Kwa herufi kubwa."

"Kubwa kiasi gani?"

Nikamshika mikono yote miwili nikaitanua mpaka mwisho. Akacheka mpaka akakohoa.

Machi 19
Mgeni njoo, mwenyeji apone. Amekuja mwanamke mmoja mnene mchangamfu na magunia mawili ya nguo za mchezo. Meneja wa ukumbi ndiye aliyemwelekeza kwangu. Yeye ndiye mtunza mavazi wa kundi, na jukwaani huigiza pia, maana kundi la safari halina mtu wa kazi moja. Mfukoni mwake ana kopo la vifungo vya akiba, kila akitembea vinalia. Nimempa jina la Bi Vifungo na amelipenda.

Ukifua nguo za watu wa magitaa unajua nani anafanya kazi na nani anajipamba. Mpiga gitaa jasho lake hukaa bega la kushoto, chini ya mkanda. Mwimbaji huloa mgongo. Kuna jaketi moja la ngozi halina jasho hata tone, na mwenyewe, anasema Bi Vifungo, ndiye anayelalamika kuchoka kuliko wote. Tumecheka sana.

Machi 20
Ndani ya gunia la pili nimekuta gauni la kijani lenye vifungo vikubwa vyeupe, kuanzia shingoni mpaka pindoni. Nikakaa chini. Ni gauni la Mama! Si lenyewe, lile lilichakaa viwiko tukaligeuza vitambaa vya kufutia, lakini ni lile lile. Mama alilivaa kila Jumapili miaka yote Kijiti alipokuwa akila kwetu kama kwao.

Nimelifua peke yake kwa mkono. Kifungo kimoja kilikuwa kinaning'inia, nikakishona kwa uzi wa mara mbili. Nikalipeleka kwa Mama alipapase. Alipitisha vidole kwenye kifungo kimoja kimoja mpaka chini.

"Huyo mtoto amenikumbuka," akasema. "Hata mimi nimo humo ndani?"

"Umo, Mama. Wangekuachaje?"

Machi 22
Mvua. Mashuka ya nyumba ya wageni yameanza kunuka ukungu, nimeyafua upya.

Machi 24
Leo mtu wa kusoma mita ya maji amesimama nje kwa Mama akibisha hodi mpaka akakata tamaa, akaja kwangu kulalamika kwamba bibi amejifungia. Mama yumo ndani anampigia kelele: sukuma!

Mlango wa Mama hauna komeo. Ulikuwa nalo zamani. Radi alipoanza kupiga muziki kumbini na kurudi usiku, Mama alimwambia marehemu baba aling'oe, mtoto asije akasimama nje kwenye baridi. Tangu siku hiyo mlango unazuiwa na kigoda kwa ndani, basi. Baba alidai kwamba wezi watatumaliza. Mama akamjibu kuwa mwizi akiona nyumba haina komeo atajua haina kitu.

Ila masika yakija mbao zinavimba, mlango unakaza kwenye fremu yake, na asiyeujua anadhani umefungwa. Inabidi uusukume kwa bega, tena kwa nguvu. Nyumbani kwetu ndivyo tulivyowatambua watu: mgeni hubisha, mwenyeji husukuma.

Machi 28
Nimerudi kutoka ukumbini sasa hivi, sijavua hata viatu. Nitaandika hivyo hivyo.

Tulikwenda mimi na mume wangu, tiketi za bure za Bi Vifungo, safu ya sita. Niseme kweli: muziki ni mzuri. Spika zilikuwa zinanigonga kifuani. Kijana anayemwigiza mdogo wangu ana sauti, na hata kisigino anakiinua akiimba kama Radi alivyokuwa akikiinua. Wimbo wa kwanza ulipoanza nilimshika mume wangu mkono nikamwambia, "Huu aliutungia jikoni kwetu." Kijiti alikuwa nyuma kwenye ngoma, amenenepa, ana miwani.

Kisha akatoka mama mwenye gauni la kijani. Alikuwa Bi Vifungo mwenyewe, amejipaka poda nyeupe nywelani. Akaanza kwa kupiga kelele. Akavunja gitaa la mwanawe kwa mchi. Watu wakaguna. Nikajiambia mchezo bila chumvi hauliki, acha waongeze.

Sehemu ya pili wakausimamisha mlango katikati ya jukwaa, mlango peke yake bila nyumba. Juu wameweka mabomba, mvua ya kweli ikawa inanyesha. Kijana amekuja anakohoa, mgonjwa, gitaa mgongoni. Anabisha. "Mama, nifungulie." Bi Vifungo amesimama upande wa pili, ametutazama sisi, amevaa lile gauni nililolipiga pasi. Akashika komeo la chuma, kubwa kama la gereza, akalisukuma. Spika zikaukuza ule mlio mpaka viti vikatikisika. Akaimba kwamba yeye hana mtoto mwenye muziki wa kishetani. Kijana akaimba wimbo wa mwisho akiwa amekaa kizingitini, akafa hapo hapo kwenye mvua.

Nyuma yangu mtu akasema, "Mama gani huyu? Hata mbwa hafungiwi hivyo." Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Nilitazama pembeni nikamkuta mume wangu analia.

Njiani nikamuuliza, "Ulikuwa unalia nini?"

"Nimeguswa."

"Umeguswa na nini? Mkweo ndiye aliyemfungia mwanawe mlango?"

"Mke wangu, ule ni mchezo tu."

"Na machozi yako, nayo yalikuwa ya mchezo?"

Akaharakisha hatua mpaka tukafika.

Nauandika ukweli hapa, angalau uwe umeandikwa mahali. Mdogo wangu alikufa kitandani kwa Mama, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Mama. Ni figo zilizomuua. Miezi saba Mama alilala sakafuni kando ya kitanda ili amsikie akigeuka. Macho yake yalianza kuharibika wakati ule ule. Daktari wa macho alimwita mara mbili, akakataa kwenda, hakutaka mtoto azinduke asimkute. Alipokwenda, daktari alisema kuwa amechelewa. Kijiti hakuja kumwona mgonjwa hata siku moja. Hata kuzika hakuja.

Mama asijue. Hilo tu ndilo ninaloliomba masika haya. Wacha mji mzima ujue, Mama asijue.

Machi 29
Mama ameuliza mchezo ulikuwaje. Nimesema mzuri. Ameuliza yeye alikuwaje. Nimesema alikuwa amevaa vizuri.

Aprili 2
Binti yangu ameutoa ule wimbo shuleni. Alikuwa anaruka kamba kibarazani kwa bibi yake huku anaimba, "Mama nifungulie, mvua inaninyeshea." Watoto wote wanauimba, anasema, hata mwalimu. Nilimpiga kofi kabla sijafikiri, akabaki kunitolea macho, maana simpigi.

Mama kutoka ndani: "Kafungiwa nani huyo?"

"Wimbo wa mapenzi, Mama. Mambo ya redioni."

"Unafanana na za mwanangu."

Aprili 4
Jirani muuza mkaa, mwanamke ambaye kwa miaka ishirini amekuwa akiusukuma mlango wa Mama kila asubuhi na kujimiminia chai bila kuambiwa karibu, wiki hii haonekani. Leo nimemkuta bombani. Nikamwuliza kulikoni.

"Nina mambo mengi, mwenzangu." Halafu akainamia ndoo yake. "Ila na nyie mlituficha. Sisi tuliambiwa ni figo."

"Ilikuwa figo! Wewe si ulikuja na uji? Si ulimkuta kitandani?"

"Nilimkuta mwishoni. Ya mwanzo nitayajuaje? Lisemwalo lipo."

Mwanamke aliyemwona kwa macho yake! Amekaa kwenye kiti cha ukumbi saa mbili tu, ameamini spika kuliko macho yake. Niliiacha ndoo yangu pale pale ikifurika nikaondoka.

Aprili 5
Mvua usiku na mchana. Simsalimii mtu.

Aprili 7
Bi Vifungo ameleta magunia. Nikamwuliza kama anajua kwamba yule anayemwigiza yuko hai, yuko nyumba ya tatu kutoka hapa. Akaacha kucheka. Akakaa juu ya gunia.

"Dada, mimi nasema nilichoandikiwa. Nilidhani ameshakufa. Kijiti alisema wote walishakufa."

"Mimi pia nilishakufa?"

"Wewe humo kabisa," akasema polepole. "Radi wa kwenye mchezo hana dada."

Sikutaka kuumia kwa hilo, lakini limeniuma.

Aprili 8
Nimeliunguza. Gauni la kijani. Pasi ilikuwa imekolea, nikaiweka mgongoni katikati na nikaiacha, nikasimama nikiitazama mpaka moshi ukatoka. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaunguza nguo ya mteja, na ile harufu ilinipa raha ambayo sijaipata siku nyingi. Alama imekaa pale, umbo kamili la pasi, kahawia.

Aprili 9
Bi Vifungo ameligeuza gauni, ameiona alama, amenitazama, akalikunja.

"Haina neno," akasema. "Yule mama hageuki. Mchezo mzima anatazama watu."

Aprili 13
Nimekwenda kumkabili Kijiti. Nilimkuta ukumbini mchana anakaza ngozi za ngoma zake, peke yake, paa linavuja wameweka makopo. Alinyanyuka akanikumbatia na kuniita dada. Nikamwacha anikumbatie, kisha nikamwambia yote niliyokuwa nimeyapanga, na mengine ambayo sikuyapanga. Nilimwambia kuwa ni mwongo na mla vya bure, chai ya Mama imemtokea puani ikawa sumu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitaka abishe, hakubisha.

"Dada, sikutunga mimi," akasema. "Aliniambia Radi."

"Radi hawezi."

Akatoa simu yake. Anazo sauti za maonyesho yao ya zamani, huzitumia kufundishia waigizaji. Akatafuta, akaniwekea sikioni. Kelele za watu, gitaa linawekwa sawa, halafu mdogo wangu. Sijaisikia sauti yake ikizungumza kwa miaka minne, nikafumba macho. Alikuwa anawaambia watu: usiku mmoja nilirudi nyumbani na mvua, nikabisha, mama yangu akasukuma komeo. Nikalala nje na gitaa langu. Wimbo huu niliutunga usiku ule. Watu wakapiga yowe la huruma. Na yeye, namjua, alikuwa amekiinua kisigino.

"Kila mji, isipokuwa hapa kwenu, alisimulia hivyo kabla ya huo wimbo," Kijiti akasema. "Miaka sita. Mimi nimeongeza mchi na kifo tu."

"Wewe ulikuwa unalala kwetu. Ulikuwa unausukuma ule mlango mwenyewe. Hujui kwamba hauna komeo?"

Akavua miwani akaifuta. "Nilidhani kuna usiku mmoja ambao sikuwepo."

Nimerudi kwa miguu kwenye mvua. Sauti ya mdogo wangu nimeililia miaka minne, na nilipoipata ilikuwa inamsingizia mama yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu.

Aprili 14
Leo sikufua.

Aprili 16
Nimekuwa nikimkumbuka Radi vibaya, na kila nikikumbuka nakuta kingine. Hakuwahi kuosha sahani. Akivunja kitu alisema kimevunjwa na paka. Aliwahi kumwambia msichana wake kwamba sisi si ndugu zake wa damu, alilelewa tu, na msichana akaja kutushukuru. Tulicheka kwa siku kadhaa. Tulimwita mtunzi. Nyama ya kwanza yake, godoro jipya lake, na mimi nikimfulia mashati ya jukwaani bila kuambiwa asante, nikijiona nina bahati. Mtu akiwa na mama mwema hana cha kuimba, ndivyo alivyoona, basi akajitafutia mama mbaya. Wa kwetu ndiye aliyekuwa karibu.

Mume wangu anasema nimsamehe, marehemu hasemwi. Huyu marehemu anasemwa na spika nane kila jioni.

Aprili 18
Mashati kumi na moja ya benki. Hayakauki.

Aprili 22
Kijiti amekwenda kwa Mama bila kuniambia! Nimefika jioni nimekuta Mama amechangamka, ana tiketi mkononi anaikunja na kuikunjua.

"Amenialika mwenyewe. Jumapili alasiri, onyesho lao la kuaga. Nitakaa mbele."

"Mama, kuna mvua. Kuna ngazi. Kelele zitakuumiza masikio."

"Nimesikia kelele za yule mtoto tangu ana meno mawili." Kisha akatulia. "Lakini Kijiti amebadilika. Unajua alibisha? Nikamwambia sukuma. Akasema, Mama, umefungwa. Ilibidi ninyanyuke nikamvutie kwa ndani."

Mwanamume aliyekula kwetu ujana wake wote. Nadhani hata hakujisikia anasema nini.

Nilitaka kumwambia kila kitu pale pale. Nilifungua mdomo. Mama alikuwa anainusa tiketi, wino wake, kama mtoto anavyonusa kitabu kipya. Nikaufunga mdomo.

Aprili 25
Nimemfulia Mama gauni la kesho. Nimelikausha kwa pasi. Nimemwomba Mungu ukumbi ufurike maji usiku huu huu.

Aprili 26
Haukufurika.

Tulikaa safu ya mbele, Mama katikati, mimi kulia, mume wangu kushoto. Watu walimtambua. Niliusikia mnong'ono ukitembea nyuma yetu safu hadi safu. Muuza mkaa alikuwepo, akatazama dari.

Sehemu ya kwanza Mama alifurahi. Hakuona kitu, alisikia tu, na kila wimbo ulipoanza alinibinya goti: huu alikuwa na miaka kumi na tano, huu alikuwa ameachwa na msichana. Bi Vifungo alipoingia akapiga kelele, Mama akaniuliza, "Huyu nani?" Nikasema, "Mwenye nyumba." Mume wangu akakohoa. Gitaa lilipovunjwa akauliza, "Mwenye nyumba gani huyo?" Nikajifanya kumrekebisha ukosi.

Kisha mvua ya mabomba. Mama akaisikia, akanyoosha shingo. Kijana akabisha. "Mama, nifungulie." Komeo likalia.

Mama akaondoa mkono gotini kwangu. Nikajua amejua.

Ukumbi ulikuwa kimya, ni pale ambapo hata ngoma hunyamaza kabla ya wimbo wa mwisho. Kijana akabisha tena. Mama yangu akasimama. Alishika ukingo wa jukwaa kwa mikono miwili, akauelekeza uso wake pale sauti ilipotoka, na akasema kwa sauti ile ile aliyotuitia kula:

"Sukuma tu, mwanangu. Huo mlango hauna komeo. Umevimba tu."

Kijana akaganda. Bi Vifungo naye nyuma ya mlango wake, mkono bado uko kwenye chuma, poda ikimteremka mashavuni.

"Sukuma kwa bega," Mama akasema. "Ukishaingia urudishe kigoda."

Nilidhani mbingu itaanguka. Badala yake yakaanguka makofi. Walisimama wote, wakapiga miluzi, wakapiga na miguu. Walidhani ni sehemu ya mchezo! Kijiti kule nyuma akainua vijiti vyake na kuanza wimbo wa mwisho, na nilimwona, alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Baadaye akatufuata nyuma ya jukwaa, amelowa jasho. Akapiga magoti mbele ya Mama.

"Mama, umetutoa machozi sote."

"Mmekosea," Mama akamwambia, kwa upole, kama anayemrekebisha mtoto. "Ule usiku naukumbuka. Masika yale yalikuwa makali. Alibisha kidogo, nikamwambia sukuma, akasukuma, akaingia. Nilimkausha kichwa mimi mwenyewe. Aliyekwambia nilifunga ni nani?"

Nilimtazama Kijiti kwa macho yangu yote. Nilitikisa kichwa. Naapa aliniona.

"Ni yeye, Mama," akasema. "Radi mwenyewe."

"Alikwambia wewe?"

"Alimwambia kila mtu. Kila mji."

Mama akaikunja tiketi yake mara mbili. Nje mvua ilikuwa inapiga bati.

"Watu walimpenda kwa hilo?"

"Walilia sana, Mama."

"Haya," akasema Mama. Akaninyooshea mkono nimsimamishe.

Aprili 27
Kundi limeondoka alfajiri. Bi Vifungo ameniachia kopo lake la vifungo mlangoni, bila salamu.

Mei 1
Mama halii. Ningependa alie. Anakula, anauliza habari za watoto, anasema mvua inapungua. Jina la Radi halitaji. Muuza mkaa alikuja juzi akasukuma mlango na kuanza kusema samahani ndefu. Mama akamwambia, "Chai ipo, jimiminie," na hakusema kingine mpaka mwenzake akamaliza kikombe akaondoka.

Mei 3
"Niitie fundi seremala," Mama amesema leo. Nikauliza kuna nini kimevunjika.

"Mlango. Auchonge usikaze. Na aweke kitasa."

"Kitasa cha nini, Mama? Umekaa bila kitasa miaka yote hii."

"Nilikuwa nakaa bila kitasa kwa sababu," akasema, na hakuimalizia sentensi.

Mei 6
Seremala amekuja. Aliung'oa mlango kwenye bawaba, akaulaza barazani akaupiga randa. Ubavuni, pale bega linapogusa, rangi ilikuwa imefutika kwa kusukumwa na mbao zimelainika. Amezichonga zote. Sasa mlango unafunguka kwa kidole kimoja. Kitasa ni cha shaba, na funguo ni mbili. Nilidhani mmoja ni wangu. Mama amezitia zote mbili mfukoni.

Kigoda amempa binti yangu akachezee.

Mei 10
Bi Vifungo amepiga simu kutoka mji wanakocheza sasa. Alisitasita, mwishowe akasema bora nisikie kwake. Wamebadilisha mwisho. Sasa kila jioni wanamkalisha mwigizaji mmoja safu ya mbele, mwanamke mzee, na kijana akibisha mara ya pili anasimama na kusema sukuma tu, mwanangu, huo mlango hauna komeo, umevimba tu. Kijana anasukuma, mlango unafunguka, taa zinawaka zote. Ukumbi unajaa mpaka watu wanarudishwa.

"Kigoda je?" nikamwuliza.

"Kigoda walikitoa. Watu walikuwa wanacheka."

Sijamwambia Mama. Na sijui kwa nini simwambii, kama namlinda yeye au namnyima Radi nafasi ya kuingia.

Mei 12
Mvua imekatika. Nimeanika asubuhi, mchana nguo zote zikawa zimekauka, zinanukia jua. Nimepiga pasi nikiimba, mpaka nikagundua ni wimbo gani, nikanyamaza.

Jioni nimempelekea Mama chakula. Mikono ilikuwa imejaa, nikafanya nilivyofanya maisha yangu yote, nikausukuma mlango kwa bega. Bega linaniuma mpaka sasa. Mchuzi ulimwagika kizingitini.

Nilisimama pale nje kidogo. Kisha nikabisha.

"Nani?" Mama akauliza kutoka ndani.

Hajawahi kuniuliza hivyo.

"Ni mimi, Mama."

Nikasikia ufunguo ukitafuta tundu, ukikosa, ukitafuta tena.